Mama Sauda na Ombi la Kanisa Lenu

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika Katoro salama. Mama yako amepona, na mpunga umeanza kutoa masuke.

Unauliza kama utie saini ombi la kanisa lenu huko, linalotaka serikali iwapokee Wakristo wanaoteswa ng'ambo, na Wakristo peke yao.

Nilikuwa kijana kanisa letu lilipofungwa kwa amri ya serikali ya kwetu kule, ng'ambo ya mpaka. Tulikimbilia huku pamoja na jirani yetu Mwislamu, Mama Sauda, aliyefukuzwa kwa kosa la kutuficha. Kwenye mkutano wa kijiji, mfugaji aitwaye Masanja alisema, "Hawa Wakristo wenzetu wabaki. Huyo mama atafute wa kwao." Baba aliinamisha kichwa. Aliogopa kwamba akimtetea tutafukuzwa sote.

Mzee mmoja wa Kisukuma, asiyekwenda kanisani wala msikitini, akauliza, "Masanja, ukipiga yowe ng'ombe wako wanaibwa, tukuulize kwanza unasali wapi?"

"Mtanikuta sina hata ndama, mzee."

Watu wakacheka, naye Masanja akacheka. Tulipewa viwanja viwili vinavyopakana. Mama Sauda hakumlaumu baba hata siku moja, na mpaka leo namshukuru kwa kutuficha na kwa hilo pia.

Hao wanaoteswa wasemee kwa nguvu zako zote, maana nasi tulisemewa. Ila kabla ya kutia saini, waombe wenzako waongeze nafasi ya jirani aliyewaficha. Baba yangu hakuweza kulisema hilo.

Babu yako