Kabla Hujaenda kwa Immakulata

S.L.P. 31,
Kasulu, Kigoma.
9 Agosti 1976

Mpendwa mdogo wangu Asia,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe, shemeji Tamimu na mtoto ambaye bado sijamtia machoni. Je, anakuachia usingizi? Maziwa yanatosha? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Kiangazi kimetukausha midomo, na vumbi la barabara ya Kibondo linaingia mpaka kwenye gunia la sukari dukani, ila afya tunayo.

Barua yako niliipata Ijumaa. Pole sana kwa kichwa hicho kinachokusumbua tangu ujifungue. Umeniuliza yule mama wa Kitanga anafanya nini hasa, na shemeji ana hofu kwamba ni mambo ya mapepo. Kwanza nenda hospitali wakupime vizuri. Wakikosa la kukuambia, kama walivyokosa kwangu, ndipo upande treni. Nitakueleza yote, pamoja na jambo moja nililokuficha.

Unajua kwamba tangu siku ile lori lilipopinduka karibu na Kitahana, siku tuliyompoteza mama, kichwa changu hakikutulia. Sikio la kushoto lilivuma kutwa kucha. Nilipigwa picha, mifupa ikaonekana mizima, nikapewa asprini. Safari ile yenyewe siikumbuki. Nakumbuka lori likilala upande, halafu nakumbuka uani kwangu, wanawake wanalia. Katikati hamna kitu.

Jirani yetu Mwalimu Pasikali ndiye aliyenielekeza. Alianguka na baiskeli, shingo ikakaza miezi minne, na Immakulata, ndiye huyo mama wa Kitanga, akaifungua bila kuivuta. Ni mkimbizi, alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, sasa analima maharage. Bibi yake alikuwa akiwashika vichwa watoto wachanga na wazazi wao, naye akajifunza kwake.

Nilikwenda asubuhi na mume wangu Khatibu. Usitegemee hirizi wala dawa ya kunywa. Nguo huvui, isipokuwa mtandio unaulegeza. Unalala chali kwenye mkeka. Yeye anakaa nyuma ya kichwa chako, anaingiza viganja chini ya kisogo, basi. Habonyezi. Mikono ni mikavu, mepesi, mpaka unajiuliza kama kweli amekushika. Baadaye anahamisha mkono mmoja chini ya kiuno, pale mgongo unapoishia, na mwingine unabaki kichwani.

Mwanzoni niliona ujinga. Nilihesabu miti ya paa. Halafu nikahisi kitu ndani ya kichwa, kinajaa polepole, kinapungua polepole. Nilidhani ni pumzi yangu, nikaizuia. Kile kitu kikaendelea.

Nikashtuka. Akasema kwa lugha ya kwao, "Humura." Usiogope. Kisha kwa Kiswahili chake, "Hiyo kila mtu iko nayo. Iache itembee."

Ikatembea, Asia, muda wa kuivisha wali. Halafu ikasimama. Hata mvumo wa sikio ulikatika, na nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba kimya kile kilinitisha kuliko kelele.

"Imesimama," akasema. "Sasa tungoje."

Yaliyofuata nimeambiwa na Khatibu, aliyekuwa ameketi mlangoni. Anasema mikono yangu iliinuka kutoka kwenye mkeka, ikakaa juu ya mapaja, viganja juu, vidole vimekunjwa kidogo, kama mtu aliyepakata kichwa cha mwenzake. Nikaanza kusema. Sauti haikuwa yangu. Khatibu si mtu wa kutunga maneno, unamjua. Alisema ilikuwa ile sauti ya mama ya asubuhi, kabla hajanywa chai.

Nilisema: "Mwambie Asia kanga yake sikuigawa. Iko chini kabisa sandukuni. Niliona haya tu."

Nilipofumbua macho, Immakulata alikuwa akijifuta viganja kwa kanga yake. Akamuuliza Khatibu, si mimi, "Ni nani alikufa kwenye mikono yake? Kichwa kile kilikuwa kizito."

Hatukuwa tumemwambia lolote.

Sasa nisikilize. Ulipoolewa na Tamimu bila ridhaa ya mama, ukamletea doti ya kanga kumwomba radhi, mimi ndiye niliyekuandikia kwamba amempa jirani. Mama mwenyewe alinitajia maneno ya kuandika, nami niliyaamini. Hakupata kuniambia vingine. Na sanduku lake halikufunguliwa tangu matanga, maana ufunguo aliuchukua mjomba Abdulrahmani akaenda nao Kibondo.

Nilimpelekea ujumbe. Akaja Alhamisi, akafungua yeye mwenyewe, mimi nimesimama mbali na mikono nyuma. Chini ya nguo zote, chini ya sanda aliyojiwekea, ilikuwepo kanga yako, doti nzima, haijakatwa. Upindo wa upande mmoja alikwisha kuukunga kwa mkono. Upande wa pili aliishia katikati, na sindano ilikuwa bado imechomekwa, imeshika kutu.

Sikuridhika. Nilimtafuta Abbasi, dereva wa landrova iliyotuchukua siku ile hadi Kasulu. Nilimkuta stendi, nikamwomba aniambie kama mama alisema chochote njiani.

"Mama yako alikuwa ameshafariki pale pale Kitahana," akasema. "Nilimfumba macho mimi. Wewe ulimpakata nyuma, hukukubali tumfunike."

Nikamshukuru, nikageuka niondoke. Akaniita.

"Lakini ulikuwa unaitika," akasema. "Njia nzima, saa tatu na zaidi. Unanyamaza kama anayesikiliza, halafu unasema, 'Naam, mama. Nitamwambia.' Nilitamani kusimamisha gari nishuke."

Nimemuuliza Immakulata maana ya haya, akasema kazi yake ni kushika, si kujua. Nimerudi kwake mara mbili. Sikio limenyamaza, kichwa ni chepesi, nalala. Nawe baada ya kushikwa utaona kiu, utalala mchana wote, labda utalia bila huzuni. Usiogope hayo.

Kinachonikosesha raha ni kingine. Abbasi anasema niliitika mara nyingi. Mimi nimetoa neno moja tu. Nililoahidi zaidi ya hapo silijui, na mara zile mbili halikuja.

Kwa hiyo njoo. Nitakupeleka Kitanga mpaka mlangoni, kisha nitakaa uani na mtoto. Sitaingia. Kama kuna lililobaki, huenda halikuwa la kupitia kwangu.

Nisalimie shemeji Tamimu na umsomee barua hii yote, asifichwe. Bi Siti, mama mkwe wako, mpe mkono wangu. Mjomba Abdulrahmani na Khatibu wanakusalimu, na mwanangu Mwajabu anauliza bahari ya huko kwenu ina rangi gani. Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akuondolee maumivu, akukuzie mwanao.

Ni mimi nikupendaye, ninayekungoja,
dada yako Kuruthumu