Uvimbe Usiouma

Ngombezi, Korogwe

Mdogo wangu Semboja,

Kosa la wengi wetu tuliokulia kwenye mkonge ni kudhani kila uvimbe mguuni ni mwiba uliozama, na kwamba usipouma hauna neno. Binti yako Edna alifika jana kutoka Mkata. Anasema mahindi yamestawi. Kisha akacheka: "Baba mkubwa, baba ana yai pajani. Jumamosi jirani yetu Hashim analipasua." Tangu hapo sijatulia.

Uvimbe ulio ndani ya nyama na unaoendelea kukua hupigwa picha kwanza. Kisha daktari wa mifupa huchukua kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe, na majibu ndiyo huonyesha utolewe vipi. Kama ni saratani, wembe wa Hashim utaitawanya, na mguu ambao ungeokolewa utakatwa.

Marehemu kaka yetu Castory naye hakuwa na maumivu. Miaka tisa nimewaambia watu kwamba alichelewa hospitali. Ukweli ni kwamba aliniomba nimtoe mwiba, nami nikampasua. Hatukukuta mwiba. Wewe ulikuwa Handeni, hukuona.

Huenda wako ni mafuta tu. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini hilo haliwezi kujulikana kwa kubonyeza kwa kidole.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Edna akikukabidhi barua hii, panda basi leo hii uende hospitali ya mkoa, kabla mtu yeyote hajakugusa kwa wembe.

Kaka yako,
Yordani