Nimepata Kazi ya Kusoma

Wanangu na baba yenu,

Maharage yameiva, yaungeni tu. Chumvi nimeshatia. Blanketi nilizotundika ndani ya kabati msiziguse, zinazuia kelele.

Wiki tatu sasa nimekuwa nikijifungia humo na simu, nikijirekodi nasoma, kisha nawatumia wateja wa mtandaoni wanaotafuta wasomaji wa vitabu vya kusikiliza. Watatu walinikataa, sikumwambia mtu. Jana nilipojikaza kuwaambia, baba yenu akasema, "Sauti hiyo ya kukemea watoto nani atainunua?" Mlicheka wote. Nami nilicheka, lakini iliniuma.

Basi leo asubuhi, mmeshatoka, mteja wa nne kajibu: "Sauti yako imetulia. Nakupa kitabu kizima." Nilikaa sakafuni, nikahema kama aliyetua mzigo wa kuni.

~~Baba yenu asile mpaka aombe radhi.~~ Baba yenu ale, ila vyombo aoshe yeye.

Nimekwenda kwa mama mdogo kuazima kipaza sauti cha kwaya yao. Habari hii nimekaa nayo peke yangu tangu asubuhi, hata jirani hayupo. Nikirudi saa kumi, nipokeeni mlangoni kwa vigelegele.

Mama