Matuta ya Mwisho ya Mama

Mama,

Nimeyafumua. Matuta uliyonisuka jioni ile kabla hujapelekwa hospitali, nimeyafumua leo.

Shangazi alitaka kuyafumua kabla ya mazishi, nikalia mpaka akaniacha. Mikono yako ilikuwa imebaki hapo tu, kichwani mwangu. Nikayafunika kwa kitambaa. Yalilegea, yakaniwasha, lakini yalikuwa yako.

Juzi mwalimu wa Kiswahili alituuliza maana ya tuta. Mwenda akasema ni lile la barabarani linalorusha bodaboda. Mwingine akasema, "Si muangalie kichwa cha Kendi chini ya kitambaa!" Wakacheka. Mwalimu akaeleza kwamba tuta kwanza ni udongo ulioinuliwa shambani ili kupandia, na misuko hii ikaitwa matuta kwa sababu inafanana nao. Mama, nilikuwa nalijua hilo! Ulikuwa ukinibana kati ya magoti yako na kuniambia, "Tulia wewe! Ukizidi kutikisa kichwa nitapanda waru humu, uvune viazi kichwani." Nikatamani kengele ilie nikimbie kukuambia kwamba hata mwalimu anakubaliana nawe.

Kisha nikakumbuka. Nikalaza kichwa kwenye dawati.

Nyumbani kumenyamaza. Baba anapika, tunakula. Kila Jumapili tukitoka kanisani, mdogo wangu Makena anatoa kigoda chako nje, anaketi chini mbele yake akiwa ameshika kitana. Anangoja. Hakuna mwenye moyo wa kumwambia ainuke.

Ijumaa mwalimu wa zamu alisema kitambaa basi: nisuke upya au ninyoe. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uguse kazi yako. Kwa hivyo leo, baada ya kanisa, nimekaa kwenye kigoda chako nikafumua mwenyewe, polepole, nikitazama vidole vyako vilipita wapi. Nilipomaliza nilishika kichwa na sikukupata. Mama, sijui kama nimefanya vizuri.

Nywele zilizong'oka sikuziacha uani. Ulituonya kwamba ndege akijengea kiota nywele zako, kichwa kitakuuma siku zote. Nimezifukia shambani, kwenye tuta la mwisho ulilopanda. Viazi vyako vimechipua.

Niliporudi, Makena alikuwa bado pale chini. Nikaketi nyuma yake, nikamchana, nikaanza kumsuka. Matuta yangu yamepinda kama njia ya mbuzi. Akalalamika, "Mama havuti hivyo." Havuti, alisema, kana kwamba uko jikoni. Sikumsahihisha. Nililia, nikaendelea kusuka. Alipojishika kichwa akasema tu, "Kesho nitaenda nayo shule."

Pumzika, Mama. Usiwe na wasiwasi na kigoda chako, Jumapili hakitakaa kitupu tena. Nitamsuka Makena mpaka matuta yangu yanyooke kama yako, na palizi ikifika, nitaviinulia viazi vyako udongo.

Mwanao,
Kendi