Ploti Aliyoilinda Mama

3 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limetulia? Mimi mzima, ila kazi imenikaba.

Nchi yetu na majirani wamekubaliana kuhesabu misitu kwa njia moja. Mpaka sasa kila mtu alikuwa na lake: sisi tunahesabu mti ukishafika unene wa mkono, wao mpaka ufike unene wa paja. Msitu ule ule, ukivuka mpaka unapungua! Mwezi ujao kikosi chao kitakuja kupima upya baadhi ya ploti zetu, vile vipande vya msitu tunavyovipima kama sampuli, tuone kama hesabu zinakutana. Imo na ile ya mlima wa nyuma ya nyumba yako, uliyotupandishia chai siku tulipoipima. Chai ile sijaisahau. Mambo yakienda sawa, nitapewa kuongoza kikosi chetu. Niombee.

Kitindamimba wako


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma kwa zamu na mgongo, nao wamekubaliana.

Ondoa wasiwasi. Tangu mlipochomeka kile chuma chekundu cha alama, ploti yako naitunza kama mboni ya jicho. Wachoma mkaa walipokuja niliwafukuza: "Kateni kule ng'ambo, hii ni ya mwanangu!" Nimepalilia, na palipokuwa wazi nimepanda miche. Wageni waje tu, watakuta miti imenona. Umeniezekea nyumba, baba, acha nami nikufae kidogo.

Mama yako, mlinzi asiye na mshahara


20 Julai

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua yako ilinimaliza nguvu.

Ploti ile moja inasemea misitu mingi isiyo na mlinzi. Ni kama kuonja mchuzi: ukitia chumvi kwenye kijiko badala ya sufuria, utawadanganya wote wanaosubiri kula. Wageni walipima, wakaisifu miti yetu, na mimi najua kilichoinenepesha. Ningeweza kunyamaza. Nikasimama mkutanoni nikawasomea barua yako.

Kiongozi wao, mama mtu mzima, alicheka mpaka akafuta machozi. "Hata kwetu wapo," akasema. "Nani ajuaye wametulindia ploti ngapi?" Basi ploti yako imefutwa, na nyingine imepimwa mahali pengine mlimani humo. Sasa nchi zote zitafukia chuma ardhini, na hataambiwa mtu kilipo. Wanaiita kanuni ya Mama. Uongozi amepewa mwenzangu. Imeniuma, sikufichi. Lakini asante, mama. Hakuna aliyewahi kuipenda kazi yangu kiasi hicho.

Mwanao


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, pamoja na marahaba za siku zote nilizokaa kimya. Sikununa, nilikuwa na aibu. Mapenzi yangu yamekuponza, nikawa kila nikishika kalamu naiweka chini. Juzi nimeisoma tena barua yako, nilipofika pale pa asante nikalia kama mtoto. Nakushukuru kwa kusema kweli bila kunitupia lawama mbele za watu. Uongozi utakuja, na usipokuja, nimeshajua nimezaa mtu.

Dereva wenu alipopita hapa nilimbana aniambie ploti mpya iko wapi. Akaapa hajui. Nikamnywesha chai, akaapa tena. Haya, shauri yenu. Majirani wamekubali kunisaidia, tunapokezana. Maana kwa kuwa sijui mmeificha wapi, imebidi nilinde mlima mzima.

Mama yako