Kwao X ni Wapi?

Tena, Nairobi,
Jumatatu, 10 Machi 2025.

Mpendwa kaka Javan,

Pokea salamu za joto kutoka Tena, maana najua huko Kanada joto ni la kutafuta. Hujambo? Wifi hajambo? Mgongo wako umepoa, au baridi bado inauonea? Sisi tu wazima. Tangu mume wangu Job astaafu kazi ya reli, kazi yake ni kufunua sufuria zangu na kunifundisha kupika. Namvumilia kwa neema tu.

Sasa keti. Mimi dada yako, na miaka yangu hamsini na miwili, nimefanya mtihani wa hesabu. Usicheke! Najua umeshacheka.

Unakumbuka darasa la saba? Mwalimu aliandika x ubaoni, nami nikauliza huyu x ni wa wapi, kwa kuwa kwetu mgeni haingii bila kuulizwa kwao. Darasa zima likaangua kicheko. Hata wewe ulicheka, Javan, na ukaenda kusimulia nyumbani. Iliniuma. Muhula uliofuata sikurudi shule. Miaka yote nimeshona nguo pale Shauri Moyo nikiogopa ile herufi kuliko nyoka.

Basi mwaka huu chuo kimoja cha ufundi kikataka mwalimu wa ushonaji. Mkono wangu waliukubali siku hiyo hiyo, ila bila kupita mtihani wa hesabu hakuna kazi. Nikajiunga na ngumbaru, masomo ya watu wazima, kwenye ukumbi wa kanisa.

Mwalimu wetu, Muthama, alisikia lile swali langu la zamani na hakucheka. "Mama, hilo ndilo swali lenyewe," akasema. Tangu hapo kila alama ilisimama kama wageni wanavyosimama kanisani: isalimu, itaje kwao.

Kumbe alama nazo zina ukoo! Ile ya kujumlisha, wanasema, ilikuwa neno la Kilatini la "na", likaandikwa mbiombio mpaka likabaki msalaba. Ya usawa ni ya daktari mmoja wa Wales aliyechoka kuandika "ni sawa na" kila mara, akachora vijistari viwili pacha. Sifuri tuliipata kwa Waarabu, maana yake tupu, na ziro ya Wazungu imetoka kwa neno hilo hilo.

Na x? Waarabu kile wasichokijua walikiita "kitu". Wapo wanaosema neno hilo ndilo lililozaa x, wengine wanabisha, na Muthama hakunificha. Mimi kitu kilinitosha. Javan, si hapa Eastlands siku nzima ni "nipe ile kitu iko juu ya ile kitu," na mtu anakupa? Aljebra nimeifanya maisha yangu yote!

Shida ni mazoea. Kwenye mtihani nilipomwona x, mkono ukaandika wenyewe: "Bwana asifiwe. Huyu ni x, jina la nyumbani Kitu, kwao Uarabuni." Nikamkaribisha na yule wa Wales. Muda ulipoisha, wageni wote walikuwa wamekaribishwa, na maswali manne kati ya kumi sijayagusa. Nilirudi nyumbani nikalia. Job alinisongea ugali, mbichi ajabu, na kwa mara ya kwanza hakunipa ushauri wowote.

Ijumaa mkuu wa chuo, Bi. Aoko, akaniita. Karatasi yangu iko mezani.

"Mama, hizi salamu ni za nini?"

Nikamwambia ukweli: siwezi kufanya kazi na mgeni nisiyemjua kwao. Alicheka mpaka akavua miwani. Nikajiambia, haya, ni darasa la saba tena. Kisha akasema yale sita niliyofanya yote ni sahihi, na sita ndiyo alama ya kupita. Naanza Mei!

Jana kanisani mchungaji akaomba wageni wasimame. Nikasimama. Job akanivuta sketi, "Keti, wewe ni mwenyeji hapa miaka kumi na tisa!" Sikuketi.

"Bwana asifiwe. Naitwa Mwalimu Muhonja. Nyumbani ni Vihiga, naishi Tena."

Walipiga makofi, kaka. Hakuna aliyecheka.

Nisalimie wifi na Jacklyne, umwambie shangazi yake sasa anaweza kumsaidia hesabu. Binti yetu Beldina na Job wanakusalimu. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Dada yako akupendaye,
Mwalimu Muhonja