Bango la Mama Tumaini Pale Mpemba

Tunduma, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Machungwa yameanza kuiva huko Muheza, au bado mnayala kwa macho? Mimi mzima wa mwili, ila moyo unanienda mbio tangu juzi. Ningepiga simu, lakini haya siwezi kuyasema huku naisikia sauti yako.

Unajua chuo kimenileta field, mafunzo ya kazini, kwenye shirika linalofundisha akina mama ujasiriamali. Mwezi uliopita walinituma Mbebe, milimani huko Ileje, baridi mpaka meno yanagongana. Nikafikia kwa Mama Tumaini, mwenyekiti wa kikundi. Mama, alinipa kitanda chake! Kila asubuhi kikombe cha maziwa: "Kunywa mwanangu, huku si kwenu." Ana ng'ombe wawili, nyumba ya bati na shamba lake la kahawa.

Siku ya kumpiga picha nilimkuta anakandika jiko, tope hadi viwikoni. Akasema, "Ngoja nivae gauni la kanisani." Nikamkatalia. Bosi alishatuonya wanafunzi wote kwamba wafadhili hawamhurumii mtu aliyependeza. Nikapiga hivyo hivyo, na maneno ya chini ya picha nikaandika mimi.

Basi juzi nashuka kwenye gari pale Mpemba, njia panda ya Ileje, nainua macho, jamani! Bango kubwa la shirika letu, kando ya barabara wanayopita watu wote waendao Zambia. Mama Tumaini na tope lake, na maneno yangu: "Hakuwa na hata chumvi." Nikakaa pale pale vumbini.

Jana akaja ofisini mwenyewe, kavaa lile gauni la kanisani. Hakupiga kelele. Kumbe binti yake Tumaini ameposwa, na mshenga alipita Mpemba akaliona bango. Akawaambia waliomtuma kwamba nyumba ile ni ya njaa na walidanganywa. Posa imesimama, binti analia. Akaniuliza mbele ya wote, "Chumvi uliyokula kwangu wiki mbili ilitoka wapi?" Kisha akauliza polepole, "Mama yako mzazi ungemwandika hivi?"

Loo, Mama! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bosi akasema bango halishuki. Nikaazima ngazi na kisu, nikapanda mwenyewe nikakata kamba, watu wananishangaa. Sasa anasema hatasaini kitabu changu cha field. Na asisaini! Kesho naenda na Mama Tumaini kwa wale wakwe, nikaseme mbele ya wazee wao kwamba mwongo ni mimi.

Lakini swali lake ndilo lililonishikisha kalamu. Tulipoomba nafasi hii tulitakiwa tueleze tulikotoka. Niliandika kwamba mama yangu alikuwa akiokota machungwa yaliyooza ili tupate kula. Wewe, Mama, uliyekuwa ukinichagulia yale mazuri kabla hujapanga meza yako ya kuuzia! Walinisifu, wakanichukua kwa uongo huo. Nisamehe.

Nisalimie bibi, mjomba fundi baiskeli, na shangazi anayecheka kila kitu. Wasomee wote barua hii, usiruke hata mstari. Nilikusema vibaya kwa watu wasiokujua, basi wanaokujua nao wajue nilichofanya.

Ukinisamehe, vaa lile gauni lako la Idi, upigwe picha, unitumie. Mama Tumaini anataka kukuona.

Mwanao aliyekukosea,
Mwanaidi